Siku Gazeti Liliposomwa Kanisani na Mimi Simo

Kuna kanisa moja huko kwetu kijijini Ainabkoi ambalo mpaka leo nikiingia naketi nyuma kabisa, karibu na mlango, na mtu akigeuka kunisalimia najifanya natafuta wimbo kitabuni. Nimeona afadhali nieleze mwenyewe kilichotokea, maana habari imezunguka vibaya, na kuna watu hapa Eldoret wanaosema nilikamatwa. Sikukamatwa. Ingawa kuna dakika fulani pale mbele ya madhabahu ambapo askari wangetokea ningewafuata kwa furaha.

Mimi hutengeneza mashine za kuangulia mayai kutoka kwa mafriji yaliyokufa. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nikiuza chapati mtaa wa Langas, hapa Eldoret, na chapati tulizifunga kwa magazeti ya zamani, na mimi sikuweza kufunga karatasi kabla sijaisoma (wateja walilalamika, chapati zilipoa), basi kurasa za kilimo ndizo zilizonifunza joto la yai, unyevu, jinsi ya kuligeuza, kila kitu, na wakati mwingine mwisho wa habari uliondoka na chapati ya mtu nikabaki wiki nzima nikijiuliza mayai yale yaliishia wapi. Kwa hivyo mtu akiniambia gazeti ni karatasi tu, huwa sibishani naye, lakini urafiki wetu unapungua.

Sasa fikiria siku ambayo mwandishi wa gazeti lenyewe alikuja kwangu. Aliitwa Ouma, mtu wa upande wa ziwa aliyekaa Eldoret muda mrefu hata utani wake ulikuwa wa hapa. Nilidhani atauliza mambo mawili aende. Aliuliza vifaranga wangapi hufa (nilitaka kusema hakuna, nikashindwa), akauliza stima ikipotea nafanya nini, halafu hakuniamini hivi hivi, alimpigia simu mteja wangu mmoja akamuuliza yale yale. Nilivutiwa sana. Mimi hujiona mtu wa kuhakikisha, lakini yule alikuwa ananishinda.

Kisha akanipiga picha, akanionyesha, na hapo ndipo nilipoharibu maisha yangu.

Picha yenyewe ilikuwa sawa. Nilikuwa nimeinama kwenye mashine, kifaranga mkononi, nacheka. Lakini nyuma yangu kulikuwa na beseni la nguo, aproni ilikuwa na grisi, na nywele upande mmoja zilikuwa zimesimama. Ouma akasema hiyo ndiyo nzuri, inaonyesha kazi. Nikamwambia tafadhali asiitumie, nitajitayarisha nipigwe nyingine nimtumie. Akakuna kichwa.

"Sawa, madam. Lakini ukurasa wa Jumapili unafungwa Ijumaa mchana. Haungojei mtu."

Nikamwambia asijali. Nikapaka friji rangi mpya, na rangi ikakataa kukauka kwa sababu ya mvua, nikakopa gauni kwa rafiki, na picha iliyoniridhisha ilipatikana Ijumaa jioni. Jioni, si mchana. Niliituma. Ouma hakujibu. Nikapiga, hakushika. Mtu mwenye akili angeelewa, lakini mimi nilijiambia kwamba ananyamaza kwa sababu ameipenda.

Tatizo ni kwamba nilikuwa tayari nimemwambia Mama.

Inabidi mjue kuhusu Mama. Tangu niache chapati nianze mafriji, wanawake wenzake kijijini walikuwa wanamuuliza mambo, hasa jirani yetu Mama Nelly, ambaye kila wakikutana dukani anamwuliza kwa sauti ya kuhurumia, "Na yule wako bado anaokota mafriji?" Mama alikuwa akilipia chumvi yake na kuondoka. Kwa hivyo aliposikia nitatoka gazetini alienda moja kwa moja kwa pasta, akaomba nafasi ya shukrani, akaomba habari isomwe mbele ya kanisa lote, akachinja kuku, na mtu wa kwanza kumwalika alikuwa Mama Nelly. Nilifika nyumbani Jumamosi nikamkuta anapiga pasi kitenge kipya huku anaimba. Ningemwambia nini? Kwamba labda? Nilimeza lile neno pamoja na chai.

Gazeti kule kwetu halifiki mapema, kwa hivyo mzee mmoja wa kanisa anayeishi Elgon View, mjini Eldoret, ambaye huja na gari lake kuabudu kijijini, aliombwa alinunue njiani. Alichelewa. Ibada ikaanza, sadaka ikatolewa, mimi jasho linanitoka katika baridi ya Ainabkoi, na mwishowe mzee akaingia na gazeti chini ya kwapa, halijafunguliwa hata kidogo, akalipeleka mpaka mbele kama mtu anayebeba Biblia. Pasta akatuita mimi na Mama. Akaniweka kulia kwake, kipaza sauti katikati, akasema Bwana asifiwe, leo Mungu ameinua binti wa kanisa hili.

Akafungua ukurasa wa kilimo. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, nikaona kabla yake. Sikuwemo. Ukurasa wote, kutoka juu mpaka chini, ulikuwa habari nyingine, na picha ilikuwa ya mfuko.

Sasa pasta wetu ni mtu ambaye akianza hasimami. Nadhani aliamini kwamba jina langu liko mahali fulani huko ndani na atalikuta mbele. Akasoma kwa sauti ile yake ya mahubiri: wakulima wa Uasin Gishu waonywa, wauzaji walaghai wanapaka rangi mahindi ya kawaida ya kusaga na kuyauza kama mbegu. Akaendelea hadi kwenye mshono na uzi wa mifuko bandia. Mimi nimesimama pale na gauni la kuazima, nimeinamisha kichwa, mikono mbele, na katika benchi la kwanza Kogo Tabitha, bibi mkongwe kuliko wote kanisani, akamgeukia jirani yake na kuuliza kwa sauti ambayo yeye hudhani ni ya chini.

"Kwani huyu msichana ndiye ameziuza?"

Mtu akasema labda. Kogo akauliza sasa anamshukuru Mungu kwa lipi.

Nikachukua kipaza sauti (hakuna aliyenipa). Nikasema hapana, hiyo si habari yangu, mimi hutengeneza mashine. Kutoka katikati mwanamume mmoja akauliza, "Ya kushona hiyo mifuko?" Nikasema ya mayai, nikasema friji, nikasema nilichelewesha picha kwa sababu ya beseni, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nyuso zilivyozidi kuonyesha kwamba wananiona nina hatia. Mama Nelly alikuwa ameshika mdomo. Sikutaka kumtazama Mama. Nilijua nimemvua nguo mbele ya watu aliowaalika yeye mwenyewe.

Ndipo nikamsikia akisema, polepole, "Pasta, rudia hapo kwa uzi."

Pasta akarudia. Mifuko bandia hushonwa upya kwa mkono, uzi ni wa kawaida, mshono umepinda, na lebo ukiikwangua haina chini yake ile namba ya kuhakikishia mbegu.

Mama akalegeza kitambaa cha kichwa kama mtu anayehisi joto.

"Mimi niko na hizo," akasema. "Nilinunua wiki jana. Lebo nilikwangua, nikaona hakuna kitu, nikafikiri ni macho yangu."

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa mwisho wa Machi, mashamba yamelimwa, watu wangepanda wiki ile ile, na wote mle ndani walijua maana ya kupanda mahindi ambayo hayatazaa: ni mwaka mzima. Mwanamume aliyeniuliza kuhusu kushona akainua mkono, akasema naye anazo. Halafu mwingine. Halafu Mama Nelly akasimama, bila huruma yake ya dukani, akaomba pasta asome tena mwanzo mpaka mwisho, taratibu, na jinsi ya kuripoti. Aliisoma mara nyingi. Watu waliinakili nyuma ya bahasha za sadaka. Mahubiri hayakuwepo siku hiyo. Alasiri walipeleka mifuko yote kwa afisa wa kilimo, na kuku waliliwa wamepoa, na kila aliyepita karibu nami akiwa na paja mkononi aliniangalia kama mtu ambaye hajui anipongeze au anionee huruma.

Ouma alinipigia kesho yake. Nilitaka kulia, yeye alikuwa na usingizi. Akaeleza kwamba habari ya mbegu ilikuwa yake pia, alikuwa ameifuata kwa wiki kadhaa, shamba kwa shamba, mpaka Chepsaita, na ilikuwa imepangiwa Jumapili iliyofuata. Mimi nilipokosa kutuma picha kwa wakati ukurasa ukabaki wazi, akamsihi mhariri aiweke. Nilimwuliza kama wiki moja ingeleta tofauti. Akaniuliza kwetu hupanda lini.

Msiniambie kwamba basi nilifanya vizuri. Nimeambiwa hivyo na nimekataa. Habari niliyoichelewesha ingeweza kuwa ile ambayo mtu mwingine anaihitaji, na mimi ningekuwa nimeizuia mlangoni kwa ajili ya beseni. Nimeapa kwamba mtu wa gazeti akinijia tena atanikuta nilivyo, nywele zimesimama upande wowote zitakaotaka, nami sitamwambia mtu yeyote chochote mpaka wino ukauke.

Habari yangu ilitoka baadaye, ndogo, pembeni, na ile picha ya kwanza. Nilimpelekea Mama shambani, ambako alikuwa anapanda mbegu nyingine. Akapangusa mikono, akaisoma yote, akacheka kidogo alipofika kwenye picha. Nikamwuliza kama tuipeleke kanisani. Akasema hapana, wacha kwanza mahindi yaote. Halafu akageuza ukurasa, akasoma upande wa pili, kuhusu viwavi, midomo ikitembea, akaukunja na kuuweka kifuani.

"Uwe unaniletea hili gazeti kila wiki," akasema, akishika jembe. "Hata kama hauko ndani."