Msusi wa bweni anayesubiri zamu yake ya kusukwa

Saa nne asubuhi ya Jumamosi, Fundi ameketi ukingoni mwa kitanda cha chini katika bweni la wanawake chuoni. Miguuni pake, juu ya mkeka, mteja anapiga soga kwenye simu kuhusu gari jipya la baba yake. Fundi anagawa nywele kwa mkia wa chanuo na kuanza mstari mwingine.

Jina la Fundi amepewa na wenzake. Anasomea ualimu, mwaka wa tatu. Kichwa chake mwenyewe amekifunga kitambaa, maana msusi hajisuki kisogo.

"Mama aliuza cherehani yake nikalipiwa ada ya mwanzo," anasema. "Akaniambia, mwanangu, kwa hapo nimefika mwisho. Mikono unayo."

Mikono hiyo ndiyo inayomlisha. Kwa wiki nzuri husuka vichwa sita. Msimu wa mitihani hupata kimoja, au hola.

Bweni lina utaratibu wake: rafiki halipi. Rafiki hukuwekea kiti darasani, na ukiugua hukupikia uji. Kwa hiyo mwenzake wa chumbani, binti wa mfanyabiashara mwenye maduka, alisukwa bure miaka miwili.

Mwaka huu mama wa binti huyo alikuja kumtembelea mwanawe, akazisifia nywele zake. Binti akamwonyesha Fundi: "Huyu ndiye msusi wetu."

Mama akafungua pochi. Fundi akapokea kwa mikono miwili na kushukuru.

"Hela niliihitaji, siwezi kudanganya," anasema. "Lakini moyo uliniuma. Vitanda vyetu vinatazamana, tunachangia hata sabuni, halafu mimi ni msusi wetu?"

Mwezi uliofuata binti alijiketisha mkekani kama kawaida. Fundi akamtajia bei.

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Mteja ni mteja."

Binti alilipa. Ikafuata wiki nzima ya kununiana, kila mmoja na sabuni yake.

Binti mwenyewe, aliyejilaza kitandani akisikiliza mahojiano haya, anaingilia kati. "Jamani, mimi nilidhani namtafutia wateja! Mama anajuana na watu wengi. Kwetu mtu akikusuka analipwa, basi. Sikujua kama nimemshusha."

"Ulinishusha," anajibu Fundi, bila kuinua macho.

Aliyevunja ukimya alikuwa binti. Alinunua chanuo, akaomba afundishwe. Kwa mwezi sasa anafanyia mazoezi kichwani mwa Fundi, na kwa kweli kazi yake haitazamiki. Kitambaa kile kinaficha mengi.

Fundi angependa kufungua saluni karibu na shule atakayopangiwa, na kumrudishia mama yake cherehani. Lakini kwanza kuna mahafali, miezi mitatu ijayo. Mama yake atakuja, na Fundi anataka kumpokea akiwa amesukwa.

"Na nataka mtu anitambulishe kwake," anasema. "Aseme tu, mama, huyu ni rafiki yangu. Mama atacheka, maana mimi ni mwanawe. Ila atajua sikuwa peke yangu huku."

Mteja anasimama, analipa, anaondoka. Fundi anafungua kitambaa na kushuka mkekani. Mwenzake anakaa ukingoni mwa kitanda, chanuo mkononi.

"Mstari umepinda," anasema Fundi baada ya muda.

"Tulia, rafiki yangu. Nafumua."