Mizimu Niliyoishona Bila Fundo

Gundi ni ya viatu. Ndivyo nilivyomwambia binti yangu siku aliyoleta mfuko wa vitambaa kutoka Bankstown, maana ndani yake, pamoja na kitambaa cha rangi ya chungwa, cheusi na cheupe, alikuwa ametia karatasi fulani ya gundi inayoyeyuka ukiipiga pasi. Akasema siku hizi ndivyo wanavyofanya. Unachora umbo, unalibandika kwa pasi, ndipo unapita na cherehani kuzunguka ukingo. Nikamwambia mimi nimeshona tangu yeye hajazaliwa, sijawahi kubandika kitambaa kama kiraka cha tairi.

"Baba, ni kukurahisishia tu."

"Unirahisishie nini? Macho ninayo."

Macho, niseme ukweli, ni ya kubahatisha. Lakini mtu hapendi kuambiwa.

Kazi yenyewe ilikuwa kitambaa kirefu cha kupita katikati ya meza. Binti yangu anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, si mbali na kwetu Doonside, na kila mwaka mwisho wa mwezi wa kumi wanawaandalia wale wazee chakula cha mchana cha Halowini. Mimi Halowini naijua kwa watoto wa jirani wanaogonga mlango wamejipaka damu ya uongo, wanataka peremende. Sasa yeye akanionyesha picha kwenye simu: meza imetandikwa kitambaa cheusi, na juu yake kumeshonwa maboga yenye meno, popo, paka na mizimu myeupe. Na makaburi. Makaburi kabisa, mawe yake yamesimama.

"Haya mnawawekea wazee mbele ya chakula?"

"Wanapenda, Baba. Wanacheka."

"Kwetu ungepigwa."

"Kwetu hakuna Halowini."

"Kwetu makaburi yapo, ila hatuli juu yake."

Akacheka, na mimi nikafurahi kumwona anacheka, maana mwaka ule hakuwa mtu wa kucheka. Tukakubaliana niache makaburi. Mizimu sikuweza kuikataa, maana ndiyo aliyoitaka zaidi.

Hapo nieleze jambo, msije mkafikiri ni hadithi ya kitambaa tu. Mwaka ule nilikuwa nimeanza kupotea. Mara moja niliacha jiko la gesi linawaka, nikaenda kulala. Mara nyingine nilipanda treni kwenda Blacktown kununua uzi, kituo cha kwanza tu kutoka kwetu, nikazinduka mwisho wa njia, kijana wa reli ananigusa bega, ananiuliza ninakokwenda na sijui. Wakaja watu kunipima kumbukumbu. Mwanamke mmoja mpole akaniambia nichore saa. Mimi saa nimeisoma maisha yangu yote, lakini kuichora, akrabu zake zikanishinda, nikamchorea kitu kama gurudumu. Darasani niliishia la tatu, nikamwambia binti yangu amtafsirie kwamba kwetu hatukufundishwa kuchora saa. Alitafsiri. Yule mwanamke akaitikia kwa kichwa, akaandika.

Basi jioni moja nikamsikia binti yangu sebuleni anazungumza na kaka yake aliyeko Kanada. Ameweka simu mezani, sauti inatoka nje, na kuta za nyumba hizi ni kama za karatasi. Kaka yake anasema, "Chumba kimepatikana hapo kazini kwako, unangoja nini?" Yeye anasema, "Nimempa kazi ya kushona. Akiimaliza vizuri, bila matatizo, tutangoja mpaka mwakani. Akishindwa, basi." Na kaka yake, "Hivyo unampima mzee kwa cherehani?" Akajibu, "Hiyo ndiyo kazi anayoijua. Kama na hiyo imemtoka, nitafanyaje?"

Sikumchukia. Anatoka nyumbani alfajiri, anarudi jioni, na siku nyingine anapewa shifti mbili. Mumewe alishakwenda zake. Lakini tangu jioni ile nilijua ninachokishona. Nilikuwa nashona kubaki kwangu kwenye ile nyumba, kwenye kile chumba changu kidogo chenye dirisha la kutazama kamba ya kuanikia nguo. Ndani ya kile chumba ndimo marehemu mama yao alimofia, na mto wake ninao.

Mama yao nilimpata kwa ajili ya cherehani, Uvira, sokoni. Sisi tuliiita mashini. Alileta blauzi nimtie mkono mpya, nikamkosea makusudi ili arudi. Akarudi na shangazi yake, mwanamke mkali, akanitukana mpaka wauza samaki wakasimama kutazama. Nikaurekebisha ule mkono bure. Haya, nimetoka njiani.

Nikaanza na maboga. Nilichora kwa chaki, nikakata, nikabana kwa pini, nikaweka mshono wa zigizaga, ule wa karibukaribu unaofunika ukingo wote usichanike. Kazi ya kushonea umbo juu ya kitambaa iko kwenye kona. Ukifika kwenye kona unasimamisha sindano ikiwa chini, unanyanyua mguu wa cherehani, unazungusha kitambaa, unashusha mguu, unaendelea. Ukizungusha sindano ikiwa juu, umeharibu. Na ukimaliza kuzunguka hukati uzi ukaondoka. Unauvuta uzi wa juu utokee upande wa chini, unaufunga pamoja na mwenzake, fundo mara mbili, ndipo unakata. Bila hivyo mshono unafumuka. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua hilo.

Maboga yakatoka. Popo wakatoka, mabawa yao yana kona nyingi za kuudhi. Paka akatoka mnene kidogo. Binti yangu kila akirudi kazini anasimama nyuma yangu na sare yake, anageuza kitambaa, anatazama upande wa chini. Mama yake alimfundisha kwamba fundi hujulikana kwa upande wa chini. Alipika ugali, akaniwekea samaki sehemu ya kichwa, ninayoipenda.

Mwisho nikaja kwenye kile cheupe.

Tulipokuwa kambini, upande wa Kigoma, nilipata cherehani ya mkono, na kazi iliyokuwepo zaidi haikuwa kushona nguo za watu wazima wala sare za watoto. Ilikuwa sanda. Kulikuwa na miaka kipindupindu kinapita kama mpangaji anayedai kodi. Walikuwa wanatugawia kitambaa cheupe, na mimi nashona, mara nyingine tangu asubuhi mpaka giza, sipandishi kichwa kuuliza ni ya nani. Urefu wa kitambaa unakuambia. Mzee mmoja mwenyeji ndiye aliyenifundisha: nguo ya maiti haifungwi fundo. Unashona, unaacha uzi unaning'inia, unaondoka. Aliniambia anayesafiri hafungwi. Mimi ni Mkristo, na sijui kama imani yetu ina neno hapo, lakini nilifuata, maana yeye alikuwa amezika watu wengi kuliko mchungaji wetu. Miaka yote ile, kila cheupe kilichopita mikononi mwangu kilitoka bila fundo.

Mzimu wa Halowini ni kama kitoto kilichofunikwa shuka, na macho mawili meusi. Nilikata nikiwa na uzito fulani moyoni, lakini nilikata. Nikashona. Nakumbuka redio ya jirani, nakumbuka mbwa anabweka uani, nakumbuka mzimu wa mwisho ulikuwa mdogo kuliko wenzake kwa sababu kitambaa kilikuwa kimekaribia kwisha. Upande wa chini sikumbuki.

Binti yangu siku ile alirudi amechoka. Akakikuta nimekwisha kukipiga pasi na kukikunja. Akakishika tu kifuani, akasema, "Baba, asante." Hakukigeuza.

Akanichukua siku ya chakula. Nilijua kwa nini ananipeleka, anataka niizoee ile nyumba, lakini nilivaa koti. Ni nyumba safi, inanuka supu na dawa ya sakafu. Wazee wamevalishwa kofia za wachawi, mmoja amelala ameegemea boga la plastiki. Wakanikalisha mwisho wa meza kama mgeni wa heshima, na kitambaa changu kikipita katikati, na meneja wa nyumba akaja akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema maneno mengi.

"Anasema nini?"

"Anasema ni kazi nzuri sana. Anasema hajaona mkono kama huu."

"Mwambie hakuna gundi."

Binti yangu akamwambia, wote wakacheka. Nikala viazi vya kupondwa. Niliona huu mwaka umepita, mwakani Mungu atajua.

Mbele yangu alikuwa amekaa bibi mmoja wa Kizungu, mwembamba, vidole vyake havitulii. Wako wazee wa namna hiyo, vidole vinatafuta kazi hata kama kichwa kimestaafu. Alikuwa ameshika mzimu uliokuwa mbele yake, anachokonoa. Mara nikaona uzi. Anauvuta polepole, anauzungushia kidole chake kama mtu anayekunja sufu, anavuta, anazungusha. Mshono unafumuka tiki, tiki, tiki. Mzimu ukanyanyuka upande mmoja, ukanyanyuka upande wa pili, akaushika mkononi mzima, akajipangusia mdomo.

Mzee aliyekaa pembeni yake akapiga meza kwa kiganja, akasema kitu, meza nzima ikacheka. Nikamtazama binti yangu.

"Anasema mzimu umekimbia," akaniambia. Yeye hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya meza, anakigeuza kitambaa upande wa chini, sahani kwa sahani. Alifika kwenye popo, akapita. Alifika kwenye paka, akapita. Kwenye mzimu wa pili akavuta kidogo tu kwa ukucha, uzi ukamfuata.

Garini hakuwasha injini mara moja.

"Maboga umefunga," akasema.

"Nimefunga."

"Popo umefunga. Paka umefunga."

"Ndiyo."

"Mizimu yote hukufunga hata mmoja."

"Cheupe hakifungwi fundo. Unajua kule kambini nilikuwa nashona nini."

"Najua. Nilikuwa nalala chini ya meza ya ile cherehani." Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeniomba kitu. "Kwa hiyo ulikusudia? Ulikaa ukafikiri, hiki ni cheupe, sikifungi?"

Hapo ndipo. Neno moja lilikuwa linatosha. Ningesema ndiyo, angeamini, au angejifanya ameamini, na angempigia kaka yake kumwambia mzee yuko sawa, ana mila zake tu. Nilimwona anangoja hilo neno, mikono yake iko juu ya usukani. Lakini huyu ni mtoto wangu, na uongo ningeusema leo, kesho jiko lingewaka na yeye yuko kazini.

"Sikujua," nikasema. "Sikujua mpaka yule bibi alipovuta."

"Na jiko pia hukujua."

"Na jiko pia."

Akawasha gari. Tulipofika kwenye taa za barabara kuu akapitisha mkono chini ya jicho, haraka, kama anaondoa mdudu.

Nyumbani, siku iliyofuata, nikakitandaza kile kitambaa nikakirudishia mizimu yake. Safari hii nilimaliza kila mmoja kwa fundo, mara mbili, nikakata. Nilidhani mkono utakataa. Nilitaka ukatae, niwe na la kumwonyesha: tazama, si mimi, ni mkono, una kumbukumbu yake. Haukukataa hata kidogo. Ulifunga kama unavyofunga kifungo cha shati la mtoto. Mpaka leo sijui kama siku ile niliheshimu wafu au nilisahau tu kazi yangu. Binti yangu alikuwa mlangoni, ananitazama nafunga.

Chumba nilichopewa kwenye ile nyumba ya wazee kinatazama maegesho ya magari. Mto wa marehemu waliniruhusu. Cherehani hawakuruhusu, kwa ajili ya sindano, na binti yangu ameifunika kwa kanga kule nyumbani. Chakula cha jioni kinaletwa saa kumi na moja, jua bado kali, kama tunalishwa kuku. Wafanyakazi ni vijana wazuri, wengine Wakenya, tunasalimiana vizuri. Lakini hapa sheria ni kumwita mtu kwa jina lake, na wananiita jina langu la ubatizo, ambalo mke wangu hakulitamka hata siku moja tangu tulipopata mtoto wa kwanza. Mara nyingine wananiita nisigeuke, nikidhani anaitwa mwingine, na wao wanafikiri ni ule ugonjwa.

Siku za shifti yake binti yangu hufika mchana. Anabisha mlango kabla ya kuingia, maana ndiyo kanuni, yeye ambaye alikuwa akiingia chumbani kwangu kama upepo. Anasimama na sare yake, haketi.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Umekunywa maji?"

"Nimekunywa."

Ananivutia blanketi magotini, hata kama kuna joto, ananiacha. Halafu namsikia anabisha mlango unaofuata, kwa yule mzee wa Kizungu asiyesikia vizuri, na anamuuliza maswali yaleyale kwa Kiingereza, ila kwa sauti kubwa zaidi.