Kisima Katikati ya Migomba

Tangu nirudi Izigo baada ya kumaliza chuo, swali moja lilininyima usingizi. Kama maji ya bomba aliloliacha babu yangu yanaumiza watu, je, mimi ndiye wa kuwaambia hivyo watu wanaomshukuru kila wanapojaza ndoo? Nililigeuza swali hilo upande huu na ule kama mtu anayetafuta ubaridi wa mto wa kulalia. Kila nilipodhani nimepata jibu, harufu ya pale kisimani ilinijia puani: saruji yenye unyevu, chuma, majani ya mgomba yanayooza polepole, na kwa mbali, samadi. Nikiwa mtoto niliipenda harufu hiyo kuliko ubani wa kanisani. Nilidhani ndiyo harufu ya maji yenyewe.

Mwaka kisima kilipochimbwa nilikuwa darasa la tatu. Mama alikuwa mjamzito, na daktari alimwamuru alale kitandani hadi ajifungue. Baba akaona nyumba yetu ya Kitendaguro, mjini Bukoba, haiwezi kumtunza mgonjwa na mtoto mtundu wa kiume kwa pamoja, basi nikapelekwa Izigo kwa wazazi wake, na nikahamishiwa shule ya huko. Nilifika kiangazi, wakati buni zinaanikwa uani na vumbi la barabarani limeyafanya majani ya migomba kuwa mekundu. Nyumba ya babu ilikuwa katikati ya kibanja, yaani shamba la nyumbani, kama zilivyo nyumba za Wahaya wote wanaojiheshimu. Migomba iliizunguka pande zote, na mibuni ilisimama chini yake kama watoto waliojificha mvua. Nje ya kibanja ulianza uwanda wa nyasi tunaouita rweya. Huko watu hukata nyasi za kutandaza mashambani na sakafuni wakati wa Krismasi, kisha hurudi nyumbani. Hakuna anayeishi rweya.

Babu aliitwa Ta Novatus, hilo Ta likiwa ni heshima tunayompa mwanamume mzima. Alikuwa na ng'ombe zizini nyuma ya nyumba, na kila asubuhi samadi yao ilibebwa kwa vikapu hadi mashinani mwa migomba. Alikuwa amechimba hata mfereji mdogo ili mikojo ya zizi isipotee bure, iteremke yenyewe ikailishe migomba ya chini. Kibanja, alituambia, ni kama tumbo la mzee: ukikilisha vizuri nacho kitakulisha. Hakuna mtu aliyekuja kwetu asiusifie mfereji ule.

Kiangazi hichohicho walikuja mafundi wa kuchimba kisima. Kijiji kilikuwa kimeomba kwa miaka mingi. Kabla ya hapo wanawake walishuka bondeni kwenye chemchemi, na kupanda kwake kulikuwa kwa kukata roho. Bibi yangu, Ma Leokadia, alikuwa na kovu gotini aliloachiwa na mteremko ule siku alipoteleza na mtungi. Kisima kingekuwa na pampu ya umeme wa jua, tangi, na bomba la kutosha kaya za kitongoji chetu. Kilichokosekana ni mahali pa kuchimba, na babu akajitolea ardhi.

Nakumbuka mabishano yao vizuri kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye rundo la nyasi nikiwasikiliza. Fundi mkuu, mtu mnene mwenye kofia ya plastiki, alinyoosha kidole kuelekea rweya.

"Mzee, kule juu ni pazuri zaidi. Ardhi ni yako vilevile, na hakuna mifugo."

"Rweya?" Babu aliuliza kana kwamba ametukanwa. "Wewe mgeni wangu ukija, nitakupokelea rweya?"

"Hiki ni kisima, mzee, si mgeni."

"Watakaokunywa ni wageni wangu. Maji ya kuwapa watu yatoke kibanjani, mlangoni kwangu, nikiwaona. Kule ni kwa panzi."

Majirani waliokuwapo walicheka na kumpigia makofi. Mmoja akamwambia fundi, "Waitu, bwana, huyu ukimnyima heshima atakunyima na chakula cha mchana." Fundi alitazama zizi, akatazama mfereji, akajaribu tena kidogo, kisha akakubali. Chakula cha mchana kilikuwa ndizi na maharage yaliyoungwa kwa samli, na harufu yake ilishatufikia. Kisima kikachimbwa katikati ya migomba, chini kidogo ya zizi, mahali penye heshima kuliko pote alipokuwa napo babu. Hadi leo siwezi kulikumbuka tendo hilo bila kumpenda zaidi. Ndiyo maana jambo hili linaniuma. Asingekuwa mkarimu, asingekosea.

Siku maji yalipotoka bombani kwa mara ya kwanza, wanawake walipiga vigelegele hadi kuku wakakimbia. Bibi alikinga viganja, akanawa uso, akakaa palepale kwenye saruji mpya kama mtu aliyefika safari ndefu. Tangu siku hiyo watu hawakusema wanakwenda bombani. Walisema wanakwenda kwa Ta Novatus.

Kila mtu aliyanywa maji yale isipokuwa mimi. Mama alikuwa amenituma na sharti moja: tumbo langu la mjini lisipewe maji yasiyochemshwa. Bibi alilitii sharti hilo kama amri ya kanisa. Asubuhi alibandika birika dogo jeusi kwa ajili yangu peke yangu, akayapoza maji yake kwenye chupa, akaifunika kwa kitambaa. Kuni hazikutosha kuchemshia watu wote, na wala hakuna aliyeona haja. Binamu yangu Adventina, mtoto wa shangazi aliyelelewa hapohapo, alikuwa wa umri wangu na ulimi wake ulikuwa mkali kama wembe.

"Mtoto wa birika," aliniita mbele ya wenzetu. "Maji yako lazima yaombewe kwanza?"

"Mama ndiye kasema."

"Mama yako anadhani babu anatunywesha sumu?"

Niliona aibu, nikatamani kuinama bombani kama yeye, maji yakinichuruzika shingoni. Lakini Bibi alikuwa na macho hata kisogoni. Basi nikaendelea kunywa maji yangu yenye ladha ya moshi, nikimwonea wivu mtu ambaye, kama ningejua, nilipaswa kumwonea huruma.

Mvua za vuli zilianza. Kule kwetu mvua hainyeshi kwa haya, inamwagwa. Ule mfereji wa zizi ulijaa ukafurika, na kibanja kizima kikanuka uhai mnono wa samadi na matandazo yaliyolowa. Maji ya bomba yakageuka rangi kidogo, kama chai iliyotiwa maji mengi. Babu alisema ni udongo, utatulia. Na kweli baada ya siku chache yalionekana safi tena. Lakini watoto wakaanza kukosekana shuleni mmojammoja. Wengine walikuwa wanaharisha, wengine wana homa. Watu walilaumu mapera mabichi, maana ulikuwa msimu wake na kila mtoto alikuwa na mfuko umevimba.

Kisha Adventina akaugua. Mwanzoni tulidhani anakwepa kubeba samadi. Lakini homa haikushuka, na siku moja alinitazama akaniita kwa jina la mtu nisiyemjua. Walimpakia kwenye pikipiki katikati ya dereva na shangazi, wakamfunga kwa kitenge asianguke, wakampeleka hospitali. Ilikuwa homa ya matumbo. Aliporudi alikuwa amekonda hadi magoti yake yalionekana makubwa kuliko mapaja, na nywele zilimtoka kwa mafungu kila alipochanwa. Alikuwa ameukosa mtihani wa kufunga mwaka. Nilimkuta uani ameshika fungu la nywele mkononi, akilitazama kana kwamba ni la mwingine.

"Wewe hata mafua hukupata," aliniambia. Hakunidhihaki. Alikuwa anashangaa tu, na huo mshangao ndio uliobaki moyoni mwangu kama mwiba uliovunjikia ndani.

Kabla Krismasi haijafika, mama alijifungua salama, nikarudishwa Kitendaguro. Nilipanda darasa, Adventina akarudia. Mwaka uliofuata aliugua tena, si sana, lakini kiasi cha kumchosha na shule. Sitaki kudai kwamba maji pekee ndiyo yaliyomtoa darasani. Maisha yana mikono mingi. Ninachojua ni kwamba tulilala kitanda kimoja, tukala sahani moja, tukala hata mapera yaleyale, na tofauti yetu ilikuwa chupa moja iliyofunikwa kwa kitambaa. Mimi nilikwenda chuo kikuu kusomea afya ya mazingira. Babu alifariki nikiwa sekondari, akazikwa kibanjani kama desturi, na watu wakija na ndoo zao humwamkia pale alipolala: "Kasinge, Ta Novatus." Asante, Ta Novatus.

Mwaka huu nilirudi kwa Bibi nikiwa na shahada na bila kazi, nikakuta zizi na mfereji wake vipo palepale. Adventina anaishi jirani, ana mtoto aliyeanza kula uji. Siku niliyomwona akiupoza uji huo kwa maji ya bomba, moja kwa moja, huku akimwimbia, niliondoka kwenda bombani. Nilichota maji kwenye chupa safi, nikampelekea rafiki niliyesoma naye, ambaye sasa yuko maabara mjini Bukoba. Alinipigia simu: yana vijidudu vya kinyesi. Nikajiambia labda chupa haikuwa safi. Nikapeleka nyingine. Jibu likawa lilelile. Nikajiambia labda ni mvua ya juzi. Rafiki yangu akacheka bila furaha, akaniuliza, "Unataka maji yakuandikie barua?"

Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa rahisi: nimwambie Adventina peke yake achemshe, basi. Nililipenda wazo hilo mchana kutwa. Halafu nikaona kwamba ningekuwa namlinda mtoto wa kwetu huku watoto wa wengine wakiinama bombani, na nilishaishi msimu mmoja wa namna hiyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nasi hata maradhi hayakuwa yetu peke yetu.

Nikaanza na Bibi. Alikuwa anamenya ndizi. Nilimweleza zizi, mfereji, mvua, vijidudu. Kisu hakikusimama.

"Babu yako alitoa mahali pake pa heshima," alisema.

"Najua, Bibi. Ndipo penye samadi nyingi kuliko pote."

"Kwa hiyo uliyosoma ndiyo hayo? Kuja kumsimanga aliyelala?"

"Sitamsimanga. Nitasema maji."

"Huwezi kusema maji ukamwacha yeye nje." Aliinua macho. "Adventina alipougua, mimi nilimpa maji yale kwa mkono wangu. Kikombe kwa kikombe, ili homa ishuke. Ukisimama mbele ya watu, na hilo utalisema?"

Sikuwa nimelifikiria hilo, mimi ninayefikiria kila kitu hadi nakesha. Nilikaa chini pale kwenye maganda. Nikamwambia hilo ni lake, si la kusemwa na mtu mwingine yeyote. Aliendelea kumenya, na ndizi zilizidi idadi ya watu waliokuwamo nyumbani.

Jumapili baada ya misa, jumuiya yetu ilisali kwa Ta Projestus, mwenyekiti wa kitongoji. Sala ilipokwisha na matangazo yakafika, nilisimama. Nilisema maji ya bomba letu yanaingiliwa na uchafu wa zizi letu, kwamba nimeyapima mara mbili, kwamba babu aliwapenda ndiyo maana akawaweka karibu, na kwamba bomba lifungwe hadi zizi liondolewe, kisima kitiwe dawa na maji yapimwe tena.

"Wazee wetu walikunywa bondeni pamoja na ng'ombe," alisema mzee mmoja.

"Na watoto wangapi walizikwa?" mkewe akamuuliza. Baadhi wakacheka, baadhi hawakucheka.

"Huyu tangu zamani ni mtoto wa birika," alisema mwingine. "Mwacheni anywe moshi wake."

Ta Projestus aliwanyamazisha watu, akanitazama. "Kijana, una hakika? Maana ukifunga bomba, hawa mama zako watashuka bondeni."

Kichwa changu kilijaa labda zote nilizokuwa nimezitunza. Labda dawa tu ingetosha. Labda nimekosea. Labda Bibi, aliyekaa pembeni na rozari yake bila kuniangalia, hatanisemesha tena.

"Nina hakika ya kutosha," nilisema. "Na hadi lifungwe, kila mtu achemshe. Kila mtu."

Asubuhi yake tulikwenda kisimani, mimi na mwenyekiti. Adventina alikuwapo na mtoto mgongoni, na wanawake wengine wenye ndoo tupu. Hakuna aliyenishukuru, wala sikustahili. Heri lawama kuliko fedheha, wanasema. Mimi siku ile nilipata vyote viwili. Utotoni nilipewa usalama nisiouomba, na wengine wakalipia kwa miili yao. Sasa nilikuwa nawapa wengine usalama wasiouomba, nao wangelipia kwa migongo yao. Nilikuwa bado napima kama ni sawa wakati mkono wangu ulipokwisha kuizungusha koki ya tangi hadi mwisho. Maji yalikohoa bombani, yakakatika.

Wanawake waligeuka, wakashika njia ya bondeni ambayo nyasi zilikuwa zimeanza kuifunika. Wanaume wa kwetu hawashuki huko na ndoo. Nilichukua ya Bibi, nikachukua na ya Adventina, nikawafuata.