Matundu ya Jastin

Kwa miaka thelathini na minne Gaudensia alifagia wodi ya wazazi ya misheni ya Mkongola, upande wa Mnero, na kama kuna aliyeijua kuliko yeye, basi ni wale popo wa darini. Aliijua tangu haijawa wodi. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, akichota maji mtoni kwa debe, huku mafundi wakikanyaga udongo wa kichuguu na kufyatua matofali. Fundi mmoja, Jastin, alimpokea debe kila mara kabla hajaomba. Wenzake walicheka wee mpaka wakachoka. Mwaka uliofuata wakaalikwa harusini.

Huyo Jastin alithubutu kubishana na Bruda msimamizi, mtawa wa Kizungu. Bruda alitaka kuta nyembamba na vioo vikubwa, kama kwao kwenye baridi.

"Bruda, humo utawachoma wazazi," Jastin akamwambia.

Akashinda. Kuta zikawa nene, paa likainuliwa, baraza ikazunguka pande zote, na chini ya paa yakaachwa matundu ili hewa ya moto itokee huko. Sifa zote alipewa Bruda. Jastin alipewa shati na mche wa sabuni. Sasa ni mwaka wa tisa tangu azikwe, na kila adhuhuri mjane wake alipoingia wodini na kukutana na ule ubaridi, aliona kama mumewe bado anampokea debe.

Ndipo ikaitwa kampuni ya usanifu majengo kutoka Dar es Salaam ichore wodi mpya, na iseme kama ya zamani ibaki au ibomolewe. Gaudensia alilisikia neno kubomolewa. Akaamua wageni waikute wodi inapendeza. Akapanda ngazi, akaziba matundu yote kwa matambara ili popo wasije wakawaaibisha, akafunga madirisha kuzuia vumbi, akapiga deki mpaka sakafu ikang'aa. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji huyu alikuwa anajikaba koo mwenyewe.

Siku ya pili wageni wakafika: Amna, umri wa binti yake, na mwenzake Dickson. Wakatundika vipimajoto wodini na, ili walinganishe, kwenye maabara mpya ya jirani yenye paa la chini. Saa nane mchana wodi ilisoma thelathini na tatu, maabara thelathini na nne. Wazazi walijipepea kwa khanga wakinung'unika.

"Hamna kitu hapa," Dickson akasema. "Tubomoe, tuweke ya kisasa na viyoyozi."

"Na umeme ukikatika?" Amna akauliza.

"Si kuna jenereta?"

Gaudensia alisimama na ufagio wake, uso umemshuka. Akinyamaza, kazi ya Jastin inakwenda na maji, na aliyeiua ni yeye. Akisema, ataonekana mjinga mbele ya wageni. Akasema.

"Wanangu, kosa ni langu. Nyumba hii nimeiziba pua."

Dickson alicheka. Amna hakucheka, alikwenda kushika ngazi. Matambara yakatolewa, madirisha yakafunguliwa, na kesho yake saa ileile kipimajoto kikasoma ishirini na nane. Dickson alikigongagonga kwa kidole, akidhani kimeharibika.

Mchana kutwa Amna alikaa barazani na mama yule, akiuliza na kuandika. Upepo unatokea wapi? Jua la Oktoba linapiga ukuta upi? Wazazi huhamishia wapi mikeka? Mwisho akaamua: wodi ya zamani ibaki, na mpya ijengwe ubavuni mwake kwa matofali ya udongo wa hapohapo, ikitazama kaskazini na kusini, yenye baraza pana na matundu ya juu yaliyowekwa wavu wa kuzuia popo. Kiyoyozi hakuna hata kimoja.

Baada ya miezi miwili alirudi na mchoro, akautandaza juu ya benchi.

"Mama, matundu haya aliyafikiria yule Bruda?"

Kwa karibu miaka hamsini Gaudensia aliwaitikia watu ndiyo, maana ndivyo walivyotaka kusikia.

"Hapana," akasema. "Ni mume wangu."

Amna akafungua kalamu, akainama pembeni mwa mchoro. "Jina lake kamili, mama?"

Gaudensia alifungua kinywa ajibu. Akalia, kilio ambacho hata makaburini hakikumtoka. Kisha akayataja polepole, majina yote matatu, akitua kila neno mpaka aone limeandikwa.