Mzee wa Saa Alipoketi Ngazini

Simu ilinikuta kazini Saint Louis Park, kando ya Minneapolis, glavu za uuguzi zikiwa bado mikononi: yule mzee aliyetuongoza safari ya Ugiriki ametutoka. Sitaanza kumpamba leo kwa sababu amekufa. Alikuwa mkali, na kanisani kwetu Coon Rapids tulimwita Mzee wa Saa, tukimwogopa kuliko mchungaji. Ukimwambia haraka haraka haina baraka, alikujibu ngoja ngoja huumiza matumbo, na basi likaondoka bila wewe.

Safari ile, ya kuona nyumba za kale za watawa zilizojengwa juu ya majabali, aliipanga kwa ajili ya marehemu mkewe. Mama huyo alikuwa na picha ya mojawapo ukutani jikoni, akafa bila kufika. Mzee alibeba mshumaa akamwashie huko. Tulifika siku ya mwisho, lango likikaribia kufungwa. Ngazi zimechongwa ubavuni mwa mwamba, ukuta unakufika kiunoni tu, na ng'ambo yake ni bonde. Katikati nikatazama chini. Miguu ikagoma. Nikaung'ang'ania mwamba, jasho likinitiririka, siwezi kupanda wala kushuka. Na kundi letu, jamani, karibu wote ni wauguzi! "Breathe, dada! Usiangalie chini!" "Jikaze bwana, tunafungiwa!" "Mshikeni mkono, tum-push pole pole." Kila neno lilinizidishia kizunguzungu. Juu kule mlinzi wa lango alikuwa ameshatoa funguo.

Mzee akawaamuru wenzetu waendelee. Nikajua sasa natukanwa. Badala yake akaketi kwenye ngazi, upande wa bondeni, kati yangu na lile shimo.

"Unaogopa?"

"Sana, Mzee."

"Hata mimi. Keti, tuogope pamoja."

"Na mshumaa?"

"Mama watoto hana haraka. Keti."

Lango likafungwa tukilisikia. Mshumaa ulikuwa mfukoni mwa koti lake, na kesho yake tulikuwa tunarudi Minneapolis. Tulishuka kwa makalio, ngazi baada ya ngazi, kama watoto wadogo. Wenzetu walipotufikia kwenye basi, akatugombeza sote kwa kuchelewa.

Sisi tunaoishi kwa kuuguza watu tuna maneno tayari: jikaze, utapona, Mungu yupo. Nadhani mara nyingi tunayasema kwa sababu hofu ya mgonjwa inatutisha sisi. Mwezi uliopita, Mzee akiwa mgonjwa, nilimtembelea kwa bintiye, Eagan. Sebule ilijaa wageni wakimwambia awe imara, naye akiitikia kwa kichwa. Walipoondoka nikavuta kiti.

"Mzee, unaogopa?"

Alitazama mlango kwanza. "Sana."

"Hata mimi," nikamwambia, nikilia waziwazi. Akavua saa yake, akaiweka mezani, tukakaa.

Msomaji wangu, aliyekwama usimhimize apande. Keti naye palepale alipokwama, upande wa bondeni, hata kama lango lako litafungwa.