Kitanda Nilichomjaribia Mama

Mama yangu alikuwa akiamka kwa awamu. Kwanza kiwiko, halafu goti moja, halafu anaketi ukingoni akiwa ameshika chuma cha kitanda, anavuta pumzi, ndipo anasimama akiwa amejikunja kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Miaka mingi ya kuinamia moto wa kukaushia samaki pale Luanda Kotieno, kando ya ziwa, ilikuwa imemla kiuno, lakini kilichokuwa kikimmaliza ni kile kitanda.

Marehemu baba alikinunua kabla sijazaliwa. Kilikuwa cha chuma, na spring zake zilikuwa zimelegea zikashuka katikati, hivi kwamba ukikaa unazama, na ukizama kuinuka ni kazi. Baba alikuwa mtu mnene. Shimo alilolichimba kwa mwili wake ndilo alilomwachia mjane wake, na mama akawa analishukia kila usiku, anashindwa kulala, anaamka kwenda kuketi kwenye kiti cha sebuleni mpaka majogoo wawike. Nikimpigia simu asubuhi kutoka Kisumu nikimuuliza kama amelala, hujibu, "Nimepumzika." Neno hilo lilikuwa likinichoma. Nani ameumbwa apumzike tu bila kulala?

Daktari alimwambia abadilishe kitanda. Alimwambia tena na tena, na mama akaitikia kila mara kwa adabu, kama anavyoitikia kanisani, kisha akarudi shimoni.

Watu hupenda kuniambia hasira hasara. Mimi nimeona hasara kubwa zaidi ikiletwa na upole. Basi siku moja nilipochoka kusikia "nimepumzika," nilikwenda soko la Kibuye kumnunulia mama kitanda.

Pale Kibuye vitanda hupangwa nje kando ya barabara, godoro juu ya kitanda, nailoni juu ya godoro, vumbi juu ya nailoni. Wauzaji wa kwanza walinikera. Kila mmoja alinionyesha ubao wa kichwani: huu umechongwa maua, huu una kioo, huu una taa ndogo za rangi kama za klabu. Nikawauliza kama huko kwao watu hulala kichwa peke yake. Mmoja alicheka. Mwingine aliniambia eti madam, siku hizi kitanda ni urembo. Nikamwacha na urembo wake.

Fundi niliyemwendea mwisho alikuwa na mdomo kuwashinda wote, ila yeye aliniuliza swali la maana: anayelala ni nani, na anaumwa wapi. Nikamweleza. Akanipeleka kwenye kitanda kisicho na mapambo, cha mbao nzito, akainua godoro anionyeshe mbao za chini, zilivyokaribiana ili godoro lisitumbukie.

"Madam, lala," akasema.

"Hapa? Barabarani?"

"Kitanda ni ya kulaliwa, si ya kuangaliwa. Ukinunua viatu si unavaa kwanza?"

Nikavua viatu nikalala, huku wapita njia wakinitazama. Akaniambia nipitishe mkono chini ya kiuno. Ukipita mbio, godoro ni gumu mno. Ukikataa kabisa, ni laini mno. Mkono wangu ulipita kwa kusitasita, na mgongo wangu wote ukawa umebebwa, na nusura nisinzie pale pale na kelele zote zile. Nilimfikiria mama. Mimi na yeye tuna umbo moja, kimo kimoja, kiuno kimoja. Nikaamka nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeihisi kwa muda mrefu.

Kitanda kilifika nyumbani kwa pikapu. Majirani wa ufuoni walikuja kukiangalia, na wanawake wenzake wa kanisani walikipapasa wakimpongeza kwa kuzaa mtoto mwenye akili. Mama alikuwa amekwisha kutoa shuka mpya sandukuni. Baba mdogo naye alifika, yaani ndugu wa mwisho wa marehemu baba, ambaye boma lake limepakana na letu, na ambaye hakuna kinachoingia kwetu bila yeye kukitolea maoni. Akabonyeza godoro kwa kiganja. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Na wewe ulijuaje kama hii ni mzuri?" akaniuliza.

"Nililala juu yake, Baba," nikajibu kwa majivuno. "Nililala kabisa, na mgongo wote."

Wanawake waliokuwa wakilipapasa godoro wakaondoa mikono. Halafu nikaelewa nilichokuwa nimesema.

Mwiko huo niliujua tangu utotoni. Kwetu mtoto halali kwenye kitanda cha mzazi wake, hata kukikalia tulikuwa tukichapwa. Anayevunja mwiko hupatwa na chira, ule ugonjwa wa kukonda na kukonda mpaka watu wanakuja kukulilia. Lakini kule Kibuye sikuwa nimelala kwenye kitanda cha mama. Nilikuwa nimelala kwenye bidhaa. Kilikuwa cha fundi, cha barabara, cha vumbi. Nilisema hivyo, na sauti yangu ilipanda nilipokuwa nikisema.

"Ulipolala ulikuwa unafikiria nani?" baba mdogo akauliza.

Nikamtazama mama.

"Basi ilikuwa yake," akasema. "Mama yako haiwezi kulala hapo."

Mama hakubishana naye. Alichukua zile shuka alizokuwa amezikunjua, akazikunja upya, ncha kwa ncha, akazirudisha sandukuni. Wanawake wa kanisani wakaanza kuaga mmoja mmoja.

Tulipobaki wawili nilimwambia maneno makali. Nilimwambia yeye ni mtu wa kanisa, anasali asubuhi na jioni, kisha anaogopa godoro. Aliniacha nimalize. Kisha akasema kwa Kijaluo, polepole, "Nyathina, mwanangu, unadhani naogopea nafsi yangu? Mimi nimekwisha kula chumvi nyingi. Chira ingekuja kwako. Ni wewe ambaye ningekuzika."

Nilirudi Kisumu nikiwa nimefura. Nilimkasirikia baba mdogo, nikamkasirikia fundi na mdomo wake, nikawakasirikia waliokufa zamani wakatuachia sheria bila kutuachia kitanda kimoja kizuri. Kile changu kilibaki sebuleni kwa mama kikiwa kimesimamishwa ukutani ndani ya nailoni yake, na mama akaendelea kukesha kwenye kiti, akikitazama.

Hazikupita wiki nyingi mama akanipigia simu, jambo ambalo yeye halifanyi bila sababu. Baba mdogo alikuwa amesema kitanda kinaharibika bure. Alikuwa anakuja kukichukua Jumamosi. Eti naye mgongo unamsumbua.

Jumamosi nilikuwa pale kabla yake. Nilimngoja mlangoni nikiwa nimesimama, maana kwa hasira niliyokuwa nayo kuketi kusingewezekana. Akaja na wanawe wawili wa kubeba. Nilimsalimu kwa heshima zote, kwa sababu mama alikuwa akisikiliza.

"Baba," nikamwambia, "umesahau kwamba nililala juu yake?"

"Hiyo ni mambo ya mama yako," akasema. "Mwiko ni ya mtu na mzazi wake. Mimi si kukuzaa."

Siku tuliyomzika baba, mtu huyu alisimama mbele ya kaburi, mbele ya ukoo mzima na mchungaji, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo sisi si yatima, kwamba yeye ndiye baba yetu. Kila nikija nyumbani hunikumbusha kwamba sijaolewa, na kwamba siku wageni watakapokuja na mahari, kiti cha baba atakikalia yeye. Nilimkumbusha yote hayo pale mlangoni. Nilimkumbusha bila kupaza sauti, na naapa hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kuzifanya.

"Kwa hivyo nichagulie, Baba," nikamalizia. "Kama wewe si baba yangu, kiti cha mahari ukiache. Kama ni baba yangu, kitanda nililolalia mtoto wako huwezi kulala."

Hasira ilikuwa imenivuruga hata lugha. Wanawe waliangalia viatu vyao. Mmoja wao aliuma midomo asicheke. Baba mdogo alinitazama, akamtazama mama aliyekuwa nyuma yangu, akageuza fimbo yake akaondoka, na wabebaji wakamfuata mikono mitupu.

Niligeuka nikitarajia mama anikemee. Alikuwa ameketi kwenye kile kiti chake cha kukeshea, mkono kiunoni.

"Mnagombana vizuri," akasema. "Kitanda cha kwanza alikichagua baba yako. Hiki umekichagua wewe. Shemeji yangu amechagua nisikilalie. Mimi mwenye mgongo, hakuna aliyeniuliza."

Aliyasema bila ukali wowote, na ndiyo sababu yalinichapa.

Wiki iliyofuata mama alikuja Kisumu. Nilimpeleka Kibuye, kwa fundi yule yule, nikamwonya fundi afunge mdomo. Hakufunga, ila mama alimpenda. Alipita kati ya vitanda taratibu, akivishika vyuma na mbao kama anavyoshika samaki kabla ya kununua. Kimoja alikikataa kwa sababu kilikuwa kirefu kwenda juu.

"Hii nitapanda na ngazi?" akamuuliza fundi kwa Kiswahili chake.

Kingine kilikuwa na kioo. "Na hii ni ya bibi harusi. Mimi nataka kuona nani?"

Alichagua cha chini, kilichomwezesha kuketi nyayo zake zikigusa ardhi. Fundi akamwambia, kama alivyoniambia mimi, "Mama, lala tu."

Mama akanitazama. "Wewe, geuka," akasema. "Angalia huko."

Mzazi halali mbele ya mtoto wake namna hiyo, wala mtoto hatazami. Nikawapa mgongo. Nikatazama barabara, pikipiki, wauza viazi, mtu anayepakua milango. Nyuma yangu nilisikia akivua viatu, nikasikia mbao zikipokea uzito wake bila kulia. Fundi akaanza kumweleza habari ya mkono na kiuno, akaishia katikati. Nikangoja aniite nigeuke. Hakuniita. Nikangoja tena, nikitamani mtu yeyote anichokoze nimrarue.

Halafu nikasikia mkoromo, mdogo, wa mtu aliyechoka sana.

Fundi wa kibanda jirani alikuwa akisogea na mashine ya kupigia msasa, waya mkononi, akitafuta soketi. Nikamwambia, bila kugeuka nyuma, akithubutu kuiwasha atanitambua mimi ni nani.