Miwati Katika Msitu wa Makaburi

Mimi ni mtu wa kuota ndoto hata nikiwa macho. Nilipoolewa huku Kitandililo nilijijengea kichwani nyumba ya bati yenye maua mlangoni, yote itokane na miwati ya mume wangu, miti iliyoletwa na Wazungu kwa ajili ya magome ya kutengenezea ngozi. Niliipenda. Ikichanua, kilima kizima hunukia.

Mama mkwe hakuipenda. Chini ya shamba letu kuna msitu mdogo ambamo ukoo huzika watu wake. Jembe haliingii humo ila siku ya kuzika, na moto hauingii kabisa. Baba mkwe amelala humo chini ya mkuyu, na mama alikuwa na ombi moja tu, alazwe ubavuni pake. Lakini mbegu za miwati ziliteremka na maji ya mvua, miti ikasimama kati ya makaburi, imebanana, chini giza, ndege hakuna. Mawe ya kaburi la baba hayakuonekana tena.

"Kwa hiyo mimi mtanizika kwa kukisia?" alimwuliza mume wangu.

Wazee wa ukoo wakakaa, wakakubali kuuvunja mwiko mara hiyo moja. Walikata miwati, wakairundika, wakaichoma kama tunavyochoma shamba la ulezi, maana kwetu sisi moto ndio unaosafisha. Mkuyu uliungua upande mmoja. Lakini mawe yalionekana, na mama akayafuta masizi kwa kanga yake, akicheka kama msichana.

Mvua zilipoanza, miwati iliota juu ya majivu, mingi kama ulezi uliomwagika. Mbegu zilikuwa zimelala ardhini; moto ndio uliziamsha. Wazee walitazama, wakaondoka. Mama alipiga magoti akaanza kung'oa kwa mikono. Nami nikapiga magoti.

Tukawa tunakwenda kila asubuhi. Alikuwa akimsimulia mumewe habari za mbuzi na majirani, na mimi akinionya nisiguse upande wa miguu: "Baba yako huyo hawezi kutekenywa."

Baridi ilipokaza, kifua kilimbana. Akaniambia, "Mwanangu, miwati isikuzidi."

Mchungaji alimwombea, tukamzika ubavuni pa mumewe. Hakuna aliyekisia.

Sasa nang'oa peke yangu. Nyumba ya bati siioti sana, na harufu ya maua ya miwati siipendi tena. Miche ya miwati haina mwisho. Ila kuna asubuhi nafika nakuta mingine kando ya mawe imekwisha kung'olewa, mizizi juu, udongo wake bado mbichi. Nilimwuliza mume wangu kama ni yeye. Alitikisa kichwa, hakuniangalia.

Basi siku hizi, kabla sijapiga magoti, huwa nasalimu: "Kamwene, mama." Kisha naanzia pale alipoachia.